Kabla hujameza probiotiki: mwongozo kamili wa usalama kwa mnunuzi wa Dar es Salaam

Mchana mmoja wa Februari mama mmoja aliingia kwenye famasi ninayofanyia kazi, hapa Temeke, kichanga akiwa kifuani chini ya kanga, ngozi kwa ngozi, kama wanavyofundishwa wodini kina mama wa watoto njiti. Akafungua pochi, akatoa kichupa cha matone chenye picha ya mtoto anayecheka. "Dokta, nimeambiwa hii inaondoa gesi na kuongeza kinga. Nimpe matone mangapi?"

Nikamuuliza mtoto ana umri gani. Wiki tano. Alizaliwa na uzito gani? "Kilo moja na gramu mia mbili." Nikakiweka kile kichupa upande wangu wa kaunta, nikamwambia asimpe hata tone moja mpaka aonane na daktari wa kliniki anayomhudhurishia mtoto. Akashtuka. "Kwani si bakteria wazuri?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na swali lake ndilo lililonifanya niandike haya. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani walikubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humpa anayevitumia faida ya kiafya. Neno la kulikazia macho hapo ni "hai". Panadol ukiimeza inayeyuka, inafanya kazi yake, inatoka. Bakteria ukimmeza anaendelea kuishi, na anaweza kuzaliana. Ukuta wa utumbo ukiwa mzima na kinga ya mwili ikiwa macho, akijaribu kuvuka kwenda kwenye damu anamalizwa njiani. Ukuta ukilegea au kinga ikilala, bakteria yuleyule mzuri anageuka kuwa maambukizi. Kwa hiyo usalama wa probiotiki unamtegemea zaidi anayeimeza kuliko kopo lenyewe, na mwongozo huu nimeupanga kwa kumfuata yeye.

Hatua ya kwanza: mtazame anayemeza

Mtu mzima mwenye afya akitumia probiotiki ya kawaida, baya ambalo huwa linamkuta ni tumbo kujaa gesi kwa siku chache. Huyo sina wasiwasi naye. Wasiwasi wangu uko kwa watu nitakaowataja hapa, na nitakaa nao kwa kirefu kwa sababu hao hao ndio wanaofuatwa zaidi na wauzaji: mgonjwa, mjamzito, mama wa mtoto mdogo.

Nianze na watoto njiti. Mwaka 2014 huko Marekani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati alifariki baada ya kupewa unga wa probiotiki ambao ndani yake kulikuwa na ukungu wa aina ya Rhizopus. Ukungu ule haukuandikwa popote kwenye lebo. Uliingia kama uchafu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitoa onyo jingine. Safari hii mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 1,000 alipata maambukizi kwenye damu, na bakteria aliyepatikana kwenye damu yake alipopimwa vinasaba alilingana na yule aliyekuwemo kwenye bidhaa aliyopewa hospitali. Hapo hapakuwa na uchafu. Alikuwa ni yule yule bakteria mzuri wa kwenye lebo. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema probiotiki zinaweza kufikiriwa kwa njiti waliozaliwa kabla ya wiki 32 na wanaonyweshwa maziwa ya mama, kwa kuwa kuna ushahidi wa kupunguza ugonjwa mbaya wa kuoza kwa utumbo. Lakini huo ni uamuzi wa wodi, wenye bidhaa inayojulikana na wauguzi wanaomwangalia mtoto usiku na mchana. Hauwi uamuzi wa mama na mtu anayeuza kwenye kundi la WhatsApp.

Wa pili ni mgonjwa mahututi, na yeyote aliyewekewa mpira wa dripu kwenye mshipa mkubwa. Kuna probiotiki inayoitwa Saccharomyces boulardii, inauzwa sana kwa ajili ya kuhara. Hii si bakteria, ni hamira, ndugu wa karibu kabisa wa hamira tunayowekea maandazi. Ukifungua paketi yake, unga mwepesi kama vumbi unapeperuka. Ukitua kwenye kiganja cha muuguzi au ndugu, kisha kiganja kikashika mdomo wa ule mpira, hamira inaingia moja kwa moja kwenye damu. Imetokea, tena hata kwa mgonjwa ambaye hakuimeza yeye bali wa kitanda cha jirani. Ndiyo maana mamlaka za dawa za Ulaya zilibadilisha maelezo yake: wagonjwa mahututi na wenye kinga iliyoshuka wasipewe kabisa, na paketi zisifunguliwe chumbani mwao. Kwa hiyo ukienda kumwona mgonjwa, iwe Muhimbili, Amana au Mwananyamala, usimbebee probiotiki kwenye mfuko wa matunda, na usimfungulie kitandani.

Kuna utafiti mmoja wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2008, ambao kila anayeuza bidhaa hizi angepaswa kuujua. Wagonjwa wenye kongosho lililovimba vibaya walipewa mchanganyiko wa probiotiki kwa mpira unaoingia kwenye utumbo, kwa matumaini ya kuzuia maambukizi. Wenzao walipewa unga usio na kitu. Kati ya 152 waliopewa probiotiki walifariki 24. Kati ya 144 waliopewa unga mtupu walifariki 9. Watu 9 wa kundi la probiotiki utumbo wao ulikosa damu, na upande wa pili hakukuwa na hata mmoja. Madaktari wale walikuwa na nia njema kama aliyonayo ndugu anayekuletea kopo.

Kuna pia wenye kinga dhaifu: aliye kwenye dawa za saratani pale Ocean Road au kwingineko, aliyepandikizwa figo, anayemeza prednisolone, dawa inayoshusha kinga, kwa miezi. Mwenye VVU ambaye hajaanza ARV au ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga, ziko chini sana naye yumo. Lakini nisieleweke vibaya. VVU peke yake haimwondoi mtu. Mwanza, tangu 2004, vikundi vya kina mama vimekuwa vikitengeneza mtindi wenye bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus, na wengi waliokuwa wakiunywa walikuwa wanaishi na VVU. Kinachoangaliwa ni hali ya kinga, na wanaoijua hali hiyo ni watu wa CTC yako, kliniki yako ya VVU. Waulize wao.

Mwenye valvu ya moyo iliyoharibika naye ajihadhari. Hapa kwetu wengi wa hawa walianza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri, moyo ukaumia polepole. Lactobacillus akiingia kwenye damu anaweza kwenda kujishika kwenye valvu hiyo. Ni nadra, ila matibabu yake ni marefu na magumu. Mwenye selimundu pia amuulize daktari wake kwanza, kwa kuwa wengu wake, ambao ndio chujio la bakteria kwenye damu, mara nyingi huwa haufanyi kazi sawasawa. Aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo asijaribu mwenyewe kabisa: baadhi ya bakteria hawa wanaweza kumjazia tindikali kwenye damu mpaka achanganyikiwe na kuyumba kama mlevi.

Mwisho wajawazito. Kwa miaka mingi tuliwaambia hawana la kuogopa. Mwaka 2021 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, walikusanya tafiti za probiotiki kwa kuzuia kisukari cha ujauzito, wakakuta waliopewa probiotiki walipatwa zaidi na tatizo la shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba. Kisukari chenyewe hakikuonekana kuzuilika. Baada ya hapo mimi simuuzii mjamzito kopo bila ushauri wa kliniki, na aliyewahi kuwa na presha kwenye ujauzito uliopita namwambia aache tu.

Hatua ya pili: taja unachotaka kutibu, kwa jina

Ukiniambia "nataka ya kusafisha tumbo" nitakuuliza maswali mpaka uchoke. Probiotiki haiwi nzuri kwa ujumla. Aina fulani imepimwa kwa tatizo fulani.

Palipo na ushahidi unaoeleweka ni kuhara kunakoletwa na antibaiotiki. Hasa kwa watoto, Lactobacillus rhamnosus GG au Saccharomyces boulardii, kwa dozi ya vijidudu hai bilioni 5 kwenda juu kwa siku, ikianzwa mapema pamoja na antibaiotiki, hupunguza uwezekano wa kuhara. Ukingoja mpaka dozi iishe ndipo uanze, faida hiyo umeikosa. Tena kuna utafiti mdogo wa Israeli wa mwaka 2018 ambao ulionyesha kwamba watu wazima wenye afya waliopewa mchanganyiko wa probiotiki baada ya antibaiotiki, bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko wa wale walioachwa bila kitu. Kwa hiyo ile kauli ya "umalize dozi kisha ujenge tumbo upya" siipendi, ingawa naisikia kila siku.

Kwa mtoto anayeharisha kwa ghafla na kutapika, matumaini yalikuwa makubwa zamani. Mwaka 2018 zikachapishwa tafiti mbili kwa pamoja, moja ya Marekani na nyingine ya Kanada, jumla ya watoto zaidi ya 1,800, na probiotiki hazikuwasaidia kupona haraka. Kinachookoa mtoto wa namna hiyo ni ORS na zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kama hajafika miezi 6, huku akiendelea kunyonya na kula. Vyote viwili vinapatikana hata kwenye duka la dawa muhimu la mtaani kwa bei ambayo haifiki hata robo ya kopo la probiotiki. Mzazi mwenye fedha ya kitu kimoja tu, anunue hivyo.

Na kuna maradhi ambayo probiotiki inayaficha tu. Dar tumepitia kipindupindu, mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia hapa hapa, na kinyesi kinachotoka kama maji yaliyooshea mchele hakisubiri kopo la mtu. Ni kituo cha afya saa ile ile, ORS ikinywewa njiani. Vidonda vya tumbo vinavyoletwa na bakteria aitwaye H. pylori vinapimwa kwa kinyesi au kwa pumzi, na vinatibiwa kwa antibaiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Probiotiki inaweza kupunguza kero za dawa hizo lakini haimwondoi yule bakteria. Wadada nao wanauziwa mtandaoni kama tiba ya "PID sugu" na "U.T.I sugu", wakati mwingine vidonge vya kuweka ukeni. PID ni maambukizi ya kizazi. Ikicheleweshwa inaziba mirija. Dada yangu, pima kwanza ujue ni fangasi, ni bakteria au ni kitu kingine. Na mtindi haupakwi huko.

Hatua ya tatu: soma lebo kama unavyosoma mkataba wa nyumba

Shika kopo, tafuta majina. Bidhaa inayojiheshimu inataja bakteria kwa majina matatu: jenasi, spishi, halafu herufi au namba za aina yenyewe. "Lactobacillus rhamnosus GG" ni jina kamili; "GG" ndiyo inayokuambia ni yupi aliyefanyiwa utafiti. Lebo inayosema tu "mchanganyiko wa bakteria rafiki" haijakuambia kitu. Usichanganyikiwe ukikuta Lacticaseibacillus mahali pa Lactobacillus. Mwaka 2020 wanasayansi waliligawa kundi hilo na kuwapa wengi majina mapya.

Kisha tafuta CFU, yaani idadi ya vijidudu vilivyo hai na vinavyoweza kuzaliana. Angalia kama idadi hiyo wameihesabu siku ya kutengeneza au wanaithibitisha mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi. Tofauti ni kubwa, maana bakteria hufa kila mwezi kopo linapokaa rafuni. Wala usidhani bilioni 100 ni bora kuliko bilioni 10. Bora ni kile kiasi kilichopimwa kwa tatizo lako.

Teremka kwenye viungo vingine. Nyingi zina masalia ya maziwa, nyingine soya. Mwenye mzio wa maziwa, hasa mtoto, anaweza kuvimba midomo kwa kidonge ambacho mzazi alidhani ni cha bakteria tu. Paketi za unga za watoto mara nyingi zina sukari, mwenye kisukari azihesabu. Ukiona inulini, hiyo ni nyuzi ya kuwalisha bakteria, na ndiyo inayowajaza gesi watu wengi wanaolalamika.

Ikiwa lebo inaahidi kuponya kisukari, kusafisha kizazi na kuondoa kitambi kwa pamoja, irudishe.

Hatua ya nne: jua umenunua wapi

Tangu mwaka 2019, TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuka TMDA, kazi zimegawanyika: bidhaa inayohesabiwa dawa iko chini ya TMDA, inayohesabiwa chakula iko chini ya TBS, shirika la viwango. Mnunuzi hahitaji kubishana nani ni nani. Muulize muuzaji imesajiliwa wapi na akuonyeshe. Angalia namba ya toleo na tarehe zimechapwa kwenye fungashio lenyewe, si stika iliyobandikwa juu. Nunua palipo na mfamasia au mtoa dawa wa kumuuliza, na dai risiti. Kopo lililoletwa na bodaboda kutoka kwa mtu usiyemjua duka lake, likikudhuru utampata wapi?

Hatua ya tano: joto letu

Sehemu hii vitabu vya nchi za baridi vinaipita haraka, na sisi hatuwezi kuipita hivyo.

Kijana mmoja alinirudishia kopo akisema halimsaidii. Nikamwomba alifungue. Akamwaga kiganjani: kapsuli tatu zilikuwa zimegandana kama ubuyu wa Zanzibar, ganda limelainika, na kile kijipaketi cha kunyonya unyevu hakikuwemo, alikitupa siku ya kwanza akidhani ni takataka. Nikamuuliza analiweka wapi. Kwenye gari, mbele ya kioo, asilisahau asubuhi. Gari hilo linashinda juani Kariakoo kutwa. Wale bakteria walikuwa wamekufa siku nyingi, na yeye alikuwa akilipia maiti.

Lebo nyingi zinasema lihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Februari hapa hewa ya nje peke yake inafika 32 na kuzidi, na unyevunyevu wa bahari juu yake. Lactobacillus na Bifidobacterium ndio wanaoumia zaidi; wengi wanataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Saccharomyces boulardii iliyokaushwa inavumilia zaidi, na Bacillus, kwa kuwa yuko ndani ya mbegu yake ngumu, ndiye mvumilivu kuliko wote. Kama mtaani kwenu umeme unakatika mara kwa mara au huna friji, muulize mfamasia aina isiyohitaji friji badala ya kununua ya friji na kuiombea dua.

Wakati wa kununua, tazama duka linaiweka wapi. Inayohitaji friji ikiwa imepangwa dirishani juani, iache hapo. Nyumbani iweke kabatini pakavu, mbali na jiko na mbali na bafu, kifuniko kikazwe, kijipaketi cha unyevu kibaki ndani. Usihamishie kwenye kopo jingine.

Mtu ataniuliza: bakteria waliokufa wana hatari gani? Wenyewe si sana. Hatari ni unyevu ulioingia, maana penye unyevu na unga ukungu unamea. Harufu ikibadilika, rangi ikibadilika au vikigandana, tupa.

Hatua ya sita: namna ya kuanza

Anza na aina moja, dozi ya chini iliyoandikwa, na usianze siku moja na dawa nyingine mpya. Tumbo likivurugika utashindwa kujua mkosaji ni yupi. Meza na maji ya kawaida. Chai ya moto na uji unaofuka vinaua. Ukiwa kwenye antibaiotiki, acha angalau saa 2 kati ya kidonge cha antibaiotiki na probiotiki ya bakteria. Hamira haiguswi na antibaiotiki, lakini inauawa na dawa za fangasi kama fluconazole, kwa hiyo hizo mbili usizitumie pamoja.

Nawa mikono kabla na baada, hasa ukitumia ya unga na nyumbani kuna mgonjwa au kichanga. Unga wa mtoto ufungulie jikoni.

Weka tarehe ya kusimama. Kama ni ya kuzuia kuhara kwa antibaiotiki, inaisha pamoja na dozi au siku chache baadaye. Kama ni ya gesi na tumbo kuvurugika, jipe wiki 4. Usipoona badiliko, acha, okoa fedha yako. Na ukipangiwa upasuaji, au kuanza dawa za saratani au za kushusha kinga, mwambie daktari kabla. Watu wengi hawasemi kwamba wanatumia probiotiki kwa kuwa hawaihesabu kuwa dawa.

Mtindi na togwa je?

Naulizwa sana. Kwa mtu mwenye afya, mtindi na togwa ni chakula kizuri cha kuanzia, na tafiti za miaka ya 1990 hapa Tanzania zilikuta watoto wadogo waliokunywa togwa kila siku walikuwa na vijidudu vya kuhara vichache kwenye kinyesi kuliko wenzao. Faida nyingi inatokana na asidi ya uchachu, ambayo vijidudu vibaya haviipendi. Ila havina dozi wala jina la bakteria, kwa hiyo usivihesabu kama tiba.

Hatari yake iko kwenye maziwa. Maziwa yaliyogandishwa bila kuchemshwa yanaweza kubeba brusela na hata kifua kikuu cha ng'ombe, na kuchachuka hakuviui vya kutosha. Chemsha kwanza, poza, ndipo ugandishe kwa mtindi safi kidogo. Togwa nayo, maji yake yachemshwe. Wale niliowataja kwenye hatua ya kwanza, ukiacha vichanga, watumie mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa au ya kiwandani, na wenye kinga ya chini sana waulize kwanza hata huo.

Hatua ya saba: unapoangalia mwili wako

Gesi, tumbo kunguruma, choo kubadilika kidogo kwa siku tatu nne za mwanzo ni kawaida. Punguza dozi au meza siku moja uruke moja. Ikizidi wiki mbili, acha.

Acha siku hiyo hiyo na uende hospitali ukiona homa au kutetemeka kwa baridi, damu kwenye choo, kuhara kunakozidi siku 3, maumivu makali ya tumbo, vipele na kuvimba uso, kupumua kwa shida, au kuchanganyikiwa. Kichanga aliyeacha kunyonya, aliyelegea, au ambaye mwili umekuwa wa baridi, asingojewe mpaka kesho. Homa hapa kwetu kila mtu anaiita malaria; pima malaria ndiyo, lakini sema pia kwamba unatumia probiotiki.

Na uende na kopo lenyewe. Hili nalisisitiza kwa sababu maabara inapootesha damu na kukuta Lactobacillus, mara nyingi hudhaniwa ni uchafu wa ngozi ulioingia kwenye kichupa cha kipimo, matokeo yakawekwa kando. Daktari akiona lebo atajua aulize tena. Akiona Saccharomyces atajua ni dawa ya fangasi inayotakiwa, na kwamba antibaiotiki hazitagusa. Piga picha ya lebo na namba ya toleo siku unayonunua, ikae kwenye simu. Madhara yakitokea, mwombe mhudumu wa afya ajaze fomu ya njano ya TMDA. Namba ile ya toleo ndiyo itakayowawezesha kufuatilia makopo mengine ya kundi hilo.

Yule mama wa Februari alirudi baada ya siku mbili, mtoto bado kifuani. Daktari wa kliniki alimwambia gesi ile ilitokana na namna mtoto anavyoshika titi, akamwonyesha jinsi ya kumweka. Kile kichupa aliniachia. Nilipokisoma vizuri, kwa maandishi madogo chini kabisa, kilikuwa kimeandikwa kihifadhiwe kwenye friji, na yeye alikuwa amekibeba kwenye pochi kwa wiki nzima.